Mpumbavu ni Asiyeambilika

Na mwanafunzi wa Kidato cha Sita



Hapana neno litupwalo ovyo hapa shuleni kama neno "mpumbavu". Utalisikia alfajiri kwenye foleni ya uji, utalisikia darasani mwenzetu akikosea hesabu ubaoni, na jioni utalisikia uwanjani mpira ukipotea. Aliyepata alama 80 humwita mpumbavu aliyepata 20, na baada ya kumwita hivyo hujiona yeye mwenyewe amekwisha kuwa mtu wa hekima. Nami nilikuwa mmoja wa watupao neno hilo, tena nilikuwa hodari. Leo nataka kueleza kwa nini nimeacha, na kwa nini nadhani wengi wetu hatujui maana ya neno tulitumialo kila siku.

Nitaitegemea Biblia, maana ndicho kitabu nilichokisoma kwa ajili ya jambo hili. Najua kwamba katika shule ya serikali kama yetu tumo Wakristo na Waislamu, nami siandiki ili kuhubiri. Sulemani nitakayemtaja anajulikana katika dini zote mbili, na wenzetu Waislamu wanayo katika Kurani sura nzima iitwayo Luqman, kwa jina la mtu mwenye hekima aliyemwusia mwanawe. Basi kila msomaji aweza kuyapima maneno haya kwa akili yake mwenyewe.

Kwanza nieleze kisa changu. Mwaka jana nilikuwa kiranja wa shamba. Tulikuwa na miche ya kabichi kitaluni, na fedha za mbegu na mbolea zilitoka katika mfuko wa mradi wa shule, yaani katika jasho la wanafunzi waliouza mboga mwaka uliotangulia. Mimi nikachagua kipande cha chini, karibu na kijito, kwa kuwa udongo wake ni mweusi na maji ya kumwagilia hayako mbali. Katika Jiografia nilikuwa nimewapita wote darasani, na habari za udongo nilizijua kwa moyo.

Siku tulipoanza kulima, mzee alindaye shule usiku alitukuta alipokuwa akienda zake nyumbani. Akasimama, akatazama, akaniambia, "Mwanangu, hapo msipande. Hapo ni njia ya maji. Masika yakikaza kijito hupita hapo." Nikamjibu mbele ya wadogo zangu wa Kidato cha Kwanza kwamba mambo ya udongo yana wenyewe waliosoma. Alipogeuka kuondoka, nikawaambia wale watoto, kwa sauti aliyoweza kuisikia, kwamba mzee yule ni mpumbavu, hata kusoma hajui. Wakacheka, nami nikafurahi.

Masika yakakaza. Usiku mmoja mvua ilinyesha mpaka alfajiri, na tulipokwenda shambani tulikuta mchanga na matawi ya miti. Mistari 18 ya kabichi ilikuwa imekwenda na maji. Muhula ule tulikula maharage matupu, na fedha za mradi hazikurudi. Hakuna aliyeniadhibu, watu walisema ni mvua. Lakini mimi nilijua kwamba sababu haikuwa mvua, kwani habari za mvua nilikuwa nimepewa mapema.

Ndipo nikaanza kujiuliza: kati yetu wawili, mzee yule na mimi, mpumbavu alikuwa nani? Swali hilo ndilo lililonifanya nifungue Biblia.

Katika sura ya kwanza ya kitabu cha Mithali, Hekima anaonyeshwa kama mwanamke apazaye sauti njiani na penye malango ya mji. Anawakemea watu wa namna tatu, na katika Kiebrania kila namna ina jina lake. Wa kwanza ni peti, ndiye mjinga, yaani mtu ambaye bado hajajua, aaminiye kila aambiwalo kama mtoto mdogo. Wa pili ni kesili, ndiye mpumbavu. Huyu akili anayo, ila maarifa hayataki, na akikanywa hachukui. Wa tatu ni letsi, mwenye dharau, ambaye hatosheki na kukataa mafundisho, bali humcheka amfundishaye na kuwafundisha wengine kucheka.

Kiswahili chetu nacho kinatenganisha mjinga na mpumbavu, ijapokuwa sisi twayachanganya. Ujinga si aibu. Sote tulizaliwa nao, na shule zilijengwa kwa ajili yake. Ndiyo sababu wazee husema kuuliza si ujinga. Upumbavu ni jambo jingine. Mjinga akiambiwa, ujinga wake hupungua. Mpumbavu akiambiwa, hukasirika.

Sasa nilipojipima kwa kipimo hicho, niliona haya. Mzee wetu hajui kusoma. Kwa upande wa kitabu ni mjinga, na yeye mwenyewe halifichi jambo hilo. Mimi nilikuwa mjinga wa kijito. Kabla ya kuambiwa nilikuwa peti tu, na hakuna ambaye angenilaumu. Baada ya kuambiwa na kukataa nikawa kesili. Na nilipowachekesha wale watoto nikawa letsi. Madarasa yote matatu niliyamaliza kwa asubuhi moja.

Katika Biblia nzima sijaona kisa kinachoeleza jambo hili vizuri kuliko kile cha Nabali, katika Kitabu cha Kwanza cha Samweli, sura ya 25. Jina lenyewe Nabali, kwa Kiebrania, maana yake ni mpumbavu. Lakini mtu huyu hakuwa mtu wa kuchekwa sokoni. Alikaa Maoni, na mali yake ilikuwa Karmeli ya Yuda. Alikuwa na kondoo 3,000 na mbuzi 1,000. Mtu hapati mifugo kiasi hicho kama hajui kuhesabu. Angekuwa hapa kwetu tungemwita mheshimiwa, tungempa kiti cha mbele.

Daudi alikuwa bado hajawa mfalme. Alikuwa akijificha nyikani na watu wake. Wakati wote huo watu wake waliwalinda wachungaji wa Nabali, wala hawakuwaibia kitu. Siku ya kukata manyoya ya kondoo, ambayo ilikuwa siku ya karamu, Daudi akatuma vijana 10 kuomba kwa adabu chakula chochote kilichopo. Nabali akawatukana. Akauliza Daudi ni nani, akasema siku hizi watumwa wengi wanawatoroka bwana zao. Daudi aliposikia aliwaamuru watu wake wajifunge panga. Watu 400 wakatoka pamoja naye, na 200 wakabaki kulinda vyombo.

Hapo ndipo mtumishi mmoja wa Nabali alipoona hatari inakuja. Je, alikwenda kumwambia bwana wake? Hakwenda. Alikwenda kwa mke wa bwana wake, Abigaili, akamweleza yote. Na sababu aliyoitoa ndiyo iliyonishika. Alisema kwamba bwana wao ni mtu wa namna ambayo hakuna awezaye kusema naye.

Wasomaji, fikirini neno hilo. Nyumba ilikuwa karibu kuteketea. Mtumishi alijua, na dawa ilijulikana, lakini mwenye nyumba alikuwa haambiliki. Upumbavu wa Nabali haukuwa kwamba hakuna aliyejua la kufanya. Ulikuwa kwamba watu wote waliomzunguka walikuwa wamekwisha kujifunza kunyamaza. Adhabu ya asiyeambilika ni kwamba mwisho haambiwi.

Abigaili hakukawia. Alitwaa mikate 200, viriba 2 vya divai, kondoo 5 waliokwisha kuandaliwa, bisi, zabibu kavu na mikate ya tini, akapakia juu ya punda, akashuka kumlaki Daudi njiani. Akamwambia kwa unyenyekevu, lakini bila kuficha, kwamba siku atakapokuwa mtawala wa Israeli damu iliyomwagwa bure itamsumbua moyoni.

Watu wengi wakisoma kisa hiki humsifu Abigaili, na ni haki. Lakini mimi namtazama Daudi. Alikuwa na hasira, alikuwa na watu 400 nyuma yake, na alikuwa amekwisha kuapa kwamba hataacha mwanamume hata mmoja nyumbani kwa Nabali mpaka asubuhi. Kurudi nyuma mbele ya askari wake kungeweza kuonekana ni aibu. Naye mwanamke asiyemjua akamzuia njiani na kumwambia ukweli. Daudi alisikiliza, akamshukuru Mungu kwa ajili yake, akamshukuru yeye pia, akarudi. Saa ile Daudi na Nabali wote wawili walikuwa katika njia ya upumbavu. Mmoja aliambilika, na mwingine hakuambilika. Tofauti yao ilikuwa hiyo tu. Nabali alikula na kulewa usiku ule kama mfalme; asubuhi alipoambiwa yaliyotokea, moyo wake ukazimia, na baada ya siku kama 10 akafa.

Mtu aweza kusema, "Hayo ni ya mtu mkali wa nyikani. Mtu aliyesoma hawezi kuwa hivyo." Basi na tumwangalie Sulemani. Alipokuwa bado kijana juu ya kiti cha enzi, Mungu alimtokea katika ndoto huko Gibeoni akamwambia aombe alitakalo. Hakuomba maisha marefu, wala mali, wala kufa kwa adui zake. Twasema kwamba aliomba hekima, nasi twawaza kichwa chenye mambo mengi. Lakini maneno ya Kiebrania aliyoyatumia yana maana ya moyo usikiao. Mtu anayehesabiwa kuwa mwenye hekima kuliko wote aliomba masikio, yaani moyo wenye masikio.

Tena Biblia haifichi kwamba hata yeye hakudumu. Katika uzee wake, akiwa na wake 700 na masuria 300, moyo wake uligeuzwa, naye alionywa asisikie. Kwa hiyo hekima haifanani na cheti, ambacho ukikipata umekipata.

Mwanawe Rehoboamu alikuwa mbaya zaidi, na habari zake zatuhusu sisi vijana kabisa. Watu walikusanyika Shekemu wakamwomba awapunguzie mzigo wa kazi na kodi za baba yake. Akaomba siku 3 afikiri. Wazee waliomtumikia Sulemani walimshauri awajibu kwa upole, awe mtumishi wao siku ile, nao watamtumikia siku zote. Kisha akawauliza rika lake waliokua pamoja naye, nao wakamshauri ajigambe kwamba mzigo ataufanya mzito kuliko wa baba yake. Akafuata la rika. Makabila 10 yakajitenga, msimamizi wake wa kazi akapigwa mawe hata akafa, na yeye mwenyewe akakimbilia garini akarudi Yerusalemu. Wala tusidhani alikuwa mtoto: Biblia yasema alianza kutawala akiwa na umri wa miaka 41.

Hapa pana jambo la kuangalia sana. Rehoboamu alisikiliza! Aliomba ushauri mara mbili. Kosa lake halikuwa kukosa washauri, bali alichagua ushauri uliompendeza. Kwa hiyo kusikiliza siko kumkubali kila asemaye. Marafiki watatu wa bwenini waweza kukushauri utoroke usiku, ukawasikiliza sana, nawe ukawa mpumbavu barabara. Kipimo ni hiki: je, waweza kulisikiliza neno likuchomalo, kutoka kwa mtu usiyemtamani, ukalipima kwa haki?

Wala sisemi kwamba mkubwa ndiye mwenye haki siku zote. Mhubiri asema kijana maskini mwenye hekima ni bora kuliko mfalme mzee ambaye hajui tena kuonywa. Naamani, jemadari wa Shamu, aliponea ukoma wake kwa sababu alisikilizwa msichana mtumwa, na baadaye watumishi wake walipomsihi apunguze hasira na kuoga katika Yordani kama Elisha alivyomwagiza. Neno la kweli laweza kushuka kutoka kwa mzee, tena laweza kupanda kutoka kwa mtoto.

Wengine watasema kwamba nadharau elimu. Hasha! Danieli na wenzake walifundishwa miaka 3 maandiko na lugha ya Wakaldayo, wakawapita wote. Paulo alisoma miguuni pa Gamalieli. Musa, kama Stefano anavyosema katika Matendo ya Mitume, alifundishwa elimu yote ya Wamisri. Lakini Musa huyo huyo alipokuwa akiwaamua watu peke yake tangu asubuhi hata jioni, mkwewe Yethro, kuhani wa Midiani na mtu wa mifugo, alimwambia waziwazi kwamba afanyavyo si vizuri, atajichosha bure. Achague wakuu wa maelfu, wa mamia, wa hamsini na wa makumi. Musa akafanya yote aliyoambiwa. Elimu ya Misri haikumziba masikio. Elimu ni mali, lakini hata Nabali alikuwa na mali.

Yesu naye alifundisha mambo hayo kwa mifano. Katika Injili ya Luka, sura ya 12, yuko tajiri ambaye mashamba yake yalizaa sana. Ukiisoma habari yake polepole utaona kwamba hazungumzi na mtu ye yote. Anajiuliza mwenyewe, anajijibu mwenyewe, anajipongeza mwenyewe. Na usiku ule ule Mungu akamwita mpumbavu. Na katika Mathayo, sura ya 7, wamo wajenzi wawili. Wote wawili walisikia maneno yale yale, na nyumba zote mbili zilinyeshewa na kupigwa na mafuriko. Aliyetenda alilolisikia, nyumba yake ilisimama. Mfano huo nilikuwa nimeusoma tangu shule ya msingi, lakini siku nilipoona mchanga juu ya kabichi zetu ndipo nilipouelewa.

Nilikaa wiki nzima nikiona haya. Mwisho nilikwenda kwa mzee, jioni alipokuwa akiwasha moto wake karibu na lango. Nikasema, "Shikamoo, mzee." Akajibu, "Marahaba, mwanangu." Nikamwomba radhi kwa yale niliyoyasema. Hakunihutubia. Aliniuliza tu, "Miche imebaki mingapi kitaluni?" Kesho yake asubuhi akanionyesha mahali pa juu, nyuma ya stoo, pasipokuwa na udongo mzuri lakini pasipofikiwa na kijito. Hapo ndipo zilipo kabichi mnazokula muhula huu.

Sasa nina maombi machache. Kwa viranja wenzangu: tujiulize kama wadogo zetu wanaweza kutuambia kitu bila kuogopa. Ikiwa Kidato cha Kwanza wanaona bomba linavuja wakanyamaza kwa kuwa "kiranja haambiliki", basi bweni letu ni nyumba ya Nabali. Naona ingefaa kila bweni liwe na saa moja kwa wiki ambapo mdogo aweza kusema na mkubwa akasikiliza.

Kwa walimu wetu, kwa heshima zote: mwanafunzi aulizaye swali la kijinga anafanya kazi iliyomleta shuleni. Akiitwa mpumbavu mbele ya wenzake, hataacha kutojua, ataacha kuuliza. Nanyi wazazi, mkipokea karatasi za alama mwisho wa muhula, tafadhalini msitazame namba peke yake. Mwulizeni mwanenu ni nani aliyemkosoa muhula huu, na alifanya nini alipokosolewa.

Na kwetu sote: neno "mpumbavu" tuliweke chini. Yesu alilionya vikali katika mahubiri ya mlimani, palepale alipokuwa akisema juu ya kuua. Zamani nilidhani onyo hilo ni kali mno kwa neno moja tu. Lakini umwitapo mtu mpumbavu umekwisha kuamua kwamba kinywa chake hakina kitu cha kukufaa. Mimi niliamua hivyo juu ya mtu aliyejua njia ya maji, na shule nzima ikakosa mboga.

Mithali huweka kumcha Mungu mwanzoni kabisa mwa maarifa. Kwa akili yangu ndogo naelewa hivi: anayejua kwamba yuko Mmoja aliye juu yake, haoni vigumu sana kuambiwa na mlinzi wa lango. Kama katika haya nimekosea, mniambie. Nitasikiliza.

Wasalaam.